Kicheko kwenye Kiwanja cha Babu

Jioni ile Lamduan aliposikia mzimu unacheka, alikuwa katikati ya maneno ya mwizi wa nyati. Alinyamaza kidogo, jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, kisha akaendelea kama kawaida. Mkanda ulipokwisha akatoka nyuma ya kitambaa cheupe, akanijia kwenye mashine ya filamu, maikrofoni bado iko mkononi, ameikaba shingo kama kuku wa kuchinjwa.

"Kaka Thawin, umesikia?"

"Nisikie nini na mashine inaningurumia masikioni?"

"Babu amecheka."

"Mbwa huyo."

"Mbwa gani anajua kucheka mwizi anapokalia siafu? Kacheka palepale, kaka. Si kabla, si baada. Palepale!"

Niliendelea kukunja nyaya zangu. Macho yake yalikuwa yamelowa, na mimi machozi ya wazee siyawezi.

Hekalu letu liko ukingoni mwa mto hapa Nakhon Sawan, nyuma ya soko la samaki. Aliyemo ndani ni Chao Pho, mzimu mlinzi wa mtaa, ila jina hilo liko kwenye kibao cha mlangoni tu. Midomoni mwetu yeye ni Babu. Mtu akitaka mtoto, au binti yake afaulu mtihani, au lori lake bovu lipate mnunuzi, humwekea Babu nadhiri: nikipata, nitakuonyesha filamu. Akipata, anatuita. Mimi natundika kitambaa kwenye nguzo mbili za mianzi, naweka kiti kimoja chekundu mbele yake, kirefu cha mgongo, na kando ya kiti meza ndogo yenye soda nyekundu na vijiti vya udi. Kiti hicho ni cha Babu. Hakikaliwi na mwingine.

Zamani nyuma ya kiti hicho watu walijaa mpaka barabarani. Walikuja na mikeka, na vyandarua vya watoto, na bibi zao waliobebwa mgongoni. Siku hizi mwenye nadhiri anawasha udi, anapiga picha moja ya ushahidi kwamba amelipa, anapanda pikipiki yake, huyoo. Anabaki Babu peke yake na uwanja mtupu. Mtu aliyeondolewa ugonjwa wa figo hawezi kukaa saa mbili na aliyemwondolea. Anawahi nyumbani kutazama simu.

Filamu zangu ni za mkanda mwembamba, za enzi zile zilipopigwa bubu. Picha bila sauti. Kila onyesho lilihitaji mtu wa kukaa na maikrofoni na kusema maneno yote: ya shujaa, ya mama mkwe, ya mtoto mchanga, ya nyati. Mtu huyo kwetu ni Lamduan. Hukaa nyuma ya kitambaa na kuitazama picha kinyumenyume, kwa sababu aliona tangu mwanzo kwamba si adabu kukaa nyuma ya kisogo cha Babu na kumpigia kelele. Kwa miaka kumi na tisa alimsemea Babu filamu namna hiyo, uso kwa uso, kitambaa tu katikati yao. Na kwa miaka kumi na tisa Babu hakumjibu.

Mwaka ninaousimulia ndio ulikuwa uwe wa mwisho. Mzee Kim Huat, mwenye duka la mabomba na mwenyekiti wa kamati ya hekalu, alikuja kututazama tukifunga vitu, akasimama mikono nyuma.

"Jamani, mimi sina ugomvi na nyie," alisema. "Lakini mwanangu Wirot amenunua skrini kubwa ya taa. Filamu mpya, sauti yake imo humohumo. Inawashwa kwa kidole."

"Na nani ataitazama?" nilimuuliza.

"Kwani yenu anaitazama nani?"

Akaendelea taratibu, kama daktari. Nyinyi mliingia hapa kwa idhini ya Babu, hamtatoka bila idhini yake. Siku ya sikukuu yake, mwezi huuhuu, tutamwuliza mwenyewe kwa kurusha vibao vya ramli. Akikubali skrini, basi mkapumzike, mmefanya vya kutosha.

Lamduan alimsikiliza mpaka mwisho, akamuaga kwa heshima, akaingia ndani ya gari langu. Kwake alipokuwa akishuka ndipo aliponiambia, "Mimi sauti hizi nitazipeleka wapi, kaka? Ziko kumi na moja. Chumba changu kina dirisha moja."

*

Lamduan alizaliwa Chum Saeng, kule reli inakopita. Mama yake aliuza mbegu za yungiyungi stesheni, na yeye tangu ana miaka sita alikimbia pembeni mwa mabehewa akinadi. Alinadi kwa sauti tofauti kwa kila dirisha. Kwa askari alinadi kama mkubwa wa jeshi, kwa watawa alinadi kama mtu anayesali, kwa watoto alilia kama paka. Treni ilipoondoka, watu walikuwa wanatafuna na kucheka.

Alikuwa na miaka kumi na sita gari la dawa lilipopita. Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha mashine ya filamu kwenye gari hilo. Vijana wa leo hawalijui gari la dawa. Lilikuja kijijini likiwa na spika juu, tukafunga kitambaa, tukaonyesha filamu bure, kijiji kizima kikaja. Kisha kisu kikishanyanyuliwa juu ya kifua cha shujaa, mwenye gari alinipigia mluzi, nami nikazima. Giza. Kisu kimebaki hewani. Hapo ndipo tulipouza dawa ya minyoo, na dawa ya tumbo, na mafuta ya kuchua. Watu walitutukana mpaka wazazi wetu waliokufa, na huku wakitutukana wananunua, maana filamu haikuendelea mpaka kreti iishe. Nimewahi kuona mtu mzima akilia, "Nipeni chupa mbili, mwacheni kijana wa watu!"

Mtia sauti wetu alipatwa na homa pale Chum Saeng. Mwenye gari akauliza nani kijijini anajua kusema sana. Wote wakageuka wakamtazama binti wa muuza mbegu. Usiku ule alisemea watu saba bila kuandikiwa neno, na alipofika kwenye kisu akapiga ukelele uliowaamsha bata mabandani. Kreti tatu ziliisha. Asubuhi mama yake akamfungia nguo kwenye kitambaa cha kubebea, akamwambia mwenye gari, "Akirudi hana sauti, nitakutafuta."

Akaolewa na fundi wa spika, akazaa binti, mume akafa, binti akaenda Rayong kwenye viwanda. Magari ya dawa yakapigwa marufuku, majumba ya filamu yakageuka maghala ya friji. Mimi na yeye tukabaki na mashine moja, mikanda ishirini na sita, na Babu.

Kwa hiyo mtu akiniambia mwanamke wa umri huo alikuwa mjinga kuamini mzimu umecheka, namwambia afunge mdomo. Hajui ni kiu ya miaka mingapi.

*

Baada ya kicheko kile Lamduan alibadilika. Nadhiri zilikuwa nyingi mwezi ule, watu waliwahi kuzilipa kabla ya sikukuu, nasi tulionyesha karibu kila jioni saa moja. Alikuja amechana nywele, amepaka poda. Alileta soda nyekundu yake mwenyewe, ya chupa, akaifungua na kutia mrija. Aliyakarabati maneno ya zamani, akatia mengine. Nyati aliyekuwa akilia tu sasa alilalamika juu ya mke wake. Na kila jioni, mahali pa kuchekesha, aliniapia, Babu alicheka.

"Na jana kalia," aliniambia. "Pale mama anapouza nywele zake. Nimemsikia akipenga kamasi."

"Mizimu ina kamasi?"

"Muulize mwenyewe, mimi nimesikia."

Mimi macho yangu yana ukungu, na nikishabadilisha mkanda husinzia, sifichi. Lakini jioni ya sita nilishuka garini kwenda kujisaidia, nikapita mbele, na kwenye kiti cha Babu nikaona mguu. Mguu umevaa kiatu cha kiwandani, kile chenye chuma puani.

Nilikwenda nikasimama kando yake. Alikuwa mtu mweupe kidogo, mweusi kidogo, mnene, ndevu kama brashi. Mapajani mwake kulikuwa na rundo la vifuko vya karatasi. Mwizi wa nyati alikalia siafu. Mtu yule akacheka kwa kifua chake chote, akajipiga goti.

"Wewe!" nilisema kwa kunong'ona. "Toka hapo."

Alinigeukia kwa furaha, kama aliyekuwa akinisubiri. "Samahani, mjomba! Kiti cha pesa? Mimi lipa!"

"Hakilipiwi. Kina mwenyewe."

"Mwenyewe hapana kuja. Siku sita mimi ona, hapana kuja."

Alisema lugha yetu kama mtu anayetembea juu ya mawe ya mto, lakini hakuogopa kuanguka. Jina lake Anselmo, fundi wa mitambo, Mbrazili, ameletwa na kiwanda cha sukari kwa miaka miwili. Miezi minane ya kwanza, aliniambia, alizitafuta jioni za mji huu. Alikwenda nyumba za kuimbia zenye taa za zambarau, wasichana wakamwambia nunua kinywaji, akanunua, wakamwambia nunua kingine. Alikwenda bustanini kando ya mto, wanawake wanaruka kwa muziki, akaruka nao, akaumia kifundo. Alikaa kwenye baa za wageni, na kila mmoja alikuwa akisema juu ya kwao. Mwisho akawa anatembea tu. Akasikia watu wengi wanagombana na nyati nyuma ya soko la samaki, akaja kutazama.

"Bibi yangu," alisema, akigusa sikio, "nyumbani, redio. Kila jioni hadithi, watu wengi, ugomvi, mapenzi. Mimi mtoto, chini ya meza, sikiliza. Hapa sawasawa! Mimi hapana jua maneno. Lakini mimi jua nani mbaya."

Kisha akaninyoshea vifuko. Ndizi za kukaanga, za Mama Chuan wa pembeni mwa soko. Vilikuwa kumi na moja.

"Kwa wasanii. Mimi hesabu siku nne. Kumi na moja, ndiyo? Wanatoka wapi? Siku zingine mimi kimbilia zamu kabla ya mwisho. Leo mimi taka shika mkono wote."

Hapohapo mkanda ukaisha. Kitambaa kikawa cheupe kitupu, Lamduan akajitokeza pembeni yake, uso unang'aa, maana siku hiyo Babu alikuwa amecheka mara tisa. Akamwona mtu kwenye kiti. Akaona vifuko. Anselmo akasimama, akachungulia nyuma ya kitambaa, akaona kigoda kimoja na glasi moja ya maji. Akarudi polepole.

"Mama," alisema. "Wewe wote?"

Lamduan aligeuka. Alinitazama mimi. "Ndiye huyu aliyekuwa akicheka?"

"Ndiye."

"Siku zote?"

"Nadhani."

Aliweka maikrofoni juu ya meza ya Babu, polepole, kama unavyomweka mtoto aliyelala. "Nimejipaka poda kwa ajili ya fundi wa sukari," alisema. Akaenda zake kwa miguu, gizani, na mimi na mashine yangu sikuweza kumfuata. Anselmo alibaki na vifuko vyake kumi na moja, ndizi zinapoa.

*

Nilikwenda kwake kesho yake. Alikuwa anachambua mboga dirishani.

"Sikukuuni siendi," alisema kabla sijakaa. "Wirot alete skrini yake. Vibao visirushwe, vya nini? Babu ameshajibu. Miaka kumi na tisa amenyamaza, hilo si jibu?"

"Ruean," nilimwambia, jina nililomwita tulipokuwa vijana, "yule mtu haelewi neno moja la lugha yetu."

"Ndiyo maana anacheka."

"Anacheka palepale. Umesema mwenyewe. Si kabla, si baada. Watoto wa mtaa huu wanaoelewa kila neno wako wapi?"

Alikata shina la mboga kwa ukucha. Niliondoka nikijua nimeshindwa, na niseme kweli, nilikuwa nimechoka pia. Wahenga wanasema mcheza kwao hutuzwa. Sisi tulicheza kwetu mpaka meno yakatung'oka.

Sikujua kwamba wakati huohuo Mama Chuan alikuwa ameshamshika Anselmo. Habari za mguu kwenye kiti zilikuwa zimezunguka soko zima kabla ya saa mbili asubuhi. Alipokuja kununua ndizi, Mama Chuan alimwacha na noti yake hewani.

"Ee wewe kipande cha mtu! Umekalia kiti cha Babu?"

"Mimi hapana jua, mama."

"Siku sita?"

"Siku sita."

"Na tumbo haliumi?"

"Haliumi. Kidogo tu, ndizi nyingi."

"Hajakushughulikia bado. Babu hana haraka. Wewe unafanya kazi na mashine zinazozunguka, mwanangu. Umuombe radhi leo, si kesho."

"Mimi lipa nini?"

Mama Chuan alitazama mto, akafikiri. Ni mwanamke wa biashara, lakini aliwahi pia kuwa mtoto aliyebebwa pamoja na mkeka wake kwenda kutazama kisu kikisimama hewani. "Filamu," alisema. "Umpe Babu filamu. Na isiwe ya bubu. Yenye sauti ya mtu."

Jioni Anselmo alipiga hodi kwa Lamduan akiwa na vijiti vya udi, maua, na Mama Chuan nyuma yake kama askari. Nilisimuliwa na Mama Chuan mwenyewe. Alipiga magoti mlangoni vibaya sana, goti moja ndani, moja nje, akasema neno alilofundishwa njiani: amemkosea Babu, anataka kulipa, na bila Lamduan deni halilipiki.

"Muongo," Lamduan alisema. "Unataka kucheka tu."

"Vyote viwili," alisema Anselmo.

Lamduan akatazama maua, akatazama lile goti la nje lililokuwa limekanyaga viatu vyake. Malipo kwa Babu hayakataliwi, hilo kila mtu anajua. Anayekataa anajitwika kosa la mwingine. "Kesho kutwa," alisema. "Mkesha wa sikukuu. Na mwambie asilete vifuko kumi na moja. Mimi nina tumbo moja."

*

Sasa nitasema kosa la pili la Anselmo, nalo ndilo lililotuokoa. Hakuna aliyemweleza kwamba filamu ya Babu ni ya Babu. Alidhani mtu akilipa filamu, anaalika watu. Basi aliwaalika. Aliwaambia wenzake wa kiwandani, wa tanuru, wa mizani, madereva wa miwa, wapishi, na wote wakadhani mgeni huyu tajiri anaoa. Mama Chuan akauambia upande wa samaki. Saa kumi na mbili unusu, nilipofika na mashine, nilikuta uwanja una mikeka.

Nilisimama pale nimeshika nguzo ya mwanzi. Kulikuwa na ngisi wa kuchoma, na barafu ya kusaga yenye sharubati, na mzee mmoja wa tanuru amekuja na chandarua cha mjukuu, namuapia Babu, chandarua! Karai la Mama Chuan linatoa moshi. Wirot, mwana wa Kim Huat, alikuwa ameegemea pikipiki yake, simu mkononi, anatabasamu upande mmoja.

"Mjomba Thawin, leo mna wateja."

"Leo mna adabu," nilimjibu.

Lamduan alikuja na vespa ya jirani. Aliuona uwanja, akasita, akadhani kuna msiba. Nilipomwambia, alishika mkono wangu kwa nguvu mpaka nikaona uchungu. Hakuwa amejipaka poda. Aliingia nyuma ya kitambaa, na kwa dakika nzima nilisikia kwenye spika pumzi yake tu.

Kisha akaanza. Dakika za mwanzo vijana walikuwa wanaongea, wengine simu zinawaka nyusoni. Mama mkwe akatokea, Lamduan akampa sauti ya mwanamke mmoja wa upande wa samaki ambaye wote wanamjua, na aliyekuwapo pale, ameketi na ngisi wake. Uwanja ukalipuka. Yule mwanamke akasimama akafoka, "Mwongo! Mimi siongei hivyo!" kwa sauti ileile hasa, na uwanja ukalipuka mara ya pili. Nikaona simu zinashuka moja moja. Siafu wakafika, nyati akalalamika juu ya mke wake, mzee wa tanuru akaanguka ubavu kwa kicheko na chandarua chake. Anselmo alikuwa ardhini, mbali kabisa na kile kiti chekundu, anafuta macho.

Kisu kikapanda juu ya kifua cha shujaa.

"Zima, kaka!" Lamduan aliniita kwenye spika.

Mkono wangu ulijua kabla yangu. Nikazima. Giza, miaka hamsini imerudi kwa mkupuo.

"Enyi watu wa mto," ilisema sauti yake, ile sauti kavu ya mwenye gari la dawa, marehemu, "kisu kiko hewani. Kitakaa hewani. Hakishuki mpaka kila mmoja wenu amwashie Babu kijiti kimoja cha udi. Mnakuja kumwomba, mnamlipa, mnakimbia. Leo mtakaa naye!"

Wakatutukana! Walitutukana kama zamani, mpaka wazazi wetu. "Washa wee bibi kichaa! Watoto wanalia! Atauawa au hauawi?" Na huku wakitukana wanasimama, wanapanga foleni mbele ya meza ndogo, wanaombana moto. Wirot aliwasha wa kwake kwa kiberiti, sijui alikitoa wapi. Moshi ulikuwa mwingi hata nilipowasha mashine ile nuru ilionekana kama ukuta, na kisu kikashuka, na kikakosa.

*

Asubuhi ya sikukuu tulijaa hekaluni. Mzee Kim Huat alipiga magoti mbele ya Babu, vibao viwili mikononi, vile vyekundu vyenye umbo la mwezi mchanga, upande mmoja bapa, mwingine mgongo. Kimoja kikilala bapa na kimoja mgongo, Babu amekubali. Vikionyesha mgongo vyote, amekataa. Vikionyesha bapa vyote viwili, Babu anacheka, na swali linaulizwa upya. Huulizwa mara tatu, basi.

Lamduan alisimama karibu na nguzo. Alikuwa amekauka uso, mikono ameifunga tumboni.

"Babu," alisema Kim Huat, "tulete skrini ya taa badala ya watu hawa wawili?"

Vibao vikagonga sakafu. Bapa na bapa.

"Anacheka," watu wakanong'ona. Kim Huat akaviokota, akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi, kama kwa kiziwi. Bapa na bapa. Sasa wengine walianza kucheka wenyewe. Mama Chuan aliziba mdomo kwa leso. Kim Huat akajifuta jasho, akavitikisa muda mrefu, akavirusha juu mpaka karibu na taa. Kimoja kikaanguka palepale, bapa. Kingine kikabingirika kwa kuyumbayumba chini ya meza ya sadaka. Wirot mwenyewe akatambaa kukitazama. Alikaa kule chini kidogo.

"Bapa," alisema.

Kim Huat alibaki amepiga magoti. Mara tatu. Hakuna ndiyo, hakuna hapana, na kwa desturi swali lisilojibiwa mara tatu linangoja sikukuu nyingine. Akageuka akatutazama, mabega yakaanza kumtikisika, na mwenyekiti wa kamati naye akacheka.

"Mwaka," alisema. "Mna mwaka, jamani. Mimi sigombani na mtu anayenicheka mara tatu."

Mimi siamini vibao. Nimesoma kidogo, najua mti ukichongwa kwa namna fulani unaanguka kwa namna fulani. Na sijui Wirot aliona nini chini ya meza ile, sikumwuliza, wala sitamwuliza. Najua pia kwamba watu wale wote hawatakuja kila jioni. Lakini wameshawahi kuja, na aliyewahi kuja anaijua njia.

Jioni nilikwenda kutundika kitambaa, kulikuwa na nadhiri ya mtu wa malori. Lamduan alikuwa amenitangulia. Alikuwa ameweka kiti chekundu cha Babu mahali pake, soda na mrija. Kisha akaenda kwa Mama Chuan akaazima kiti kingine, cha plastiki, cha buluu, mguu mmoja umefungwa waya. Akakiweka kando ya kile chekundu, akakitazama, akakivuta nyuma hatua moja, kama anavyokaa mjukuu.

"Aliyecheka leo asubuhi ndiye Babu mwenyewe," aliniambia. "Yule fundi wa sukari ni wa kumfundisha acheke wakati gani."

"Na akikosea?"

"Hakosei yule," alisema Lamduan, akaingia nyuma ya kitambaa kulainisha koo.